Mashine moja ikikimbia, inamkimbiza nani?

Haya niliyaongea kwenye mahafali ya vijana wetu wa ushonaji hapa Mwanza. Wengi mliokuwepo mmeniomba niyaandike, na wengine mlikuwa nje mnahangaika na masufuria hamkusikia kitu, basi nimekaa nimeyaandika kama nilivyoyasema, sijapamba sana. Miaka miwili mitatu niliyoisahau pale mbele nimeijazia hapa.

Shikamooni wazee wangu, wazazi, walimu, vijana hamjambo? Mgeni rasmi nimeambiwa yuko njiani, na kwa ninavyowajua wageni rasmi atakuwa njiani mpaka wali upoe, ndo maana MC amenisukuma mimi mbele. Niliambiwa niongelee ujasiriamali. Sitaongelea ujasiriamali, mmeshaambiwa mpaka masikio yamechoka. Mimi nimekuja na hii hapa kwenye mfuko wa rambo. Mnaijua? Pamba mbegu, imetoka shambani kwa dada yangu Magu, haijapita jineri, ile mashine ya kuchambua, mbegu zimo humo humo.

Wewe binti mwenye kilemba cha njano, njoo mwanangu, kaa kwenye kiti hiki. Shika. Toa mbegu kwa vidole, alafu vuta hivi, sokota hivi kwa kidole gumba na cha shahada, nataka uzi. Mimi naongea, wewe sokota, tutaonana mwisho. (Wakacheka. Yeye hakucheka, alishaona kazi aliyopewa.)

Sasa. Nguo zote za pamba mlizovaa hapa, suti, gauni, kitenge, hata hiyo tisheti ya mtumba ya kijana pale nyuma, zimepita kwenye kazi 4: kuchuma, kusokota, kufuma, kushona. Miaka 300 iliyopita kazi zote 4 zilikuwa za mkono tupu na vifaa vya mbao. Alafu kule kaskazini ya Uingereza, Lancashire, watu wakaanza kubuni mashine, na hapo ndo ninapotaka mnisikilize maana shuleni tulifundishwa mapinduzi ya viwanda kama orodha ya majina, fulani kavumbua hiki mwaka huu, fulani kile mwaka ule, tukakariri tukafaulu tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba zile mashine zilikuwa zinafukuzana. Moja ikikimbia inamwacha mwenzake nyuma, na yule aliyeachwa nyuma ndo anapigiwa kelele, "wewe, ongeza mwendo!" Mimi naomba tufuate hizo kelele, tuone zilimfikia nani.

Tuanze na kufuma. Mfumaji ana nyuzi za mtande, hizi zimelala kwa urefu, na anapitisha uzi wa mshindio katikati, huku na huku. Huo wa mshindio unabebwa na kijiti cha mbao chenye umbo la mtumbwi, nami nitakiita mtumbwi. Zamani aliurusha kwa mkono huu, anaudaka kwa mkono ule, kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuwa kipana kuliko mikono yake ilivyonyooka, ukitaka kipana mnakaa wawili. 1733 bwana mmoja wa Bury, John Kay, akaweka kamba na visanduku pembeni, mfumaji anavuta kamba kwa mkono mmoja mtumbwi unaruka wenyewe twaa, unarudi twaa. Mtu mmoja sasa anafanya kazi ya wawili, tena haraka. Mnadhani alitajirika? Wenye nguo walitumia kifaa chake bila kumlipa, wakaunda na chama cha kuchangiana gharama za kesi ili wamshinde mahakamani, akaishia Ufaransa akafia huko. Wezi wa mawazo hawajaanza leo.

Mfumaji akawa anakimbia. Shida ikaja uzi hautoshi! Hata kabla ya Kay mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji wanne au zaidi wamtafutie uzi, na wasokotaji ni kina nani? Mama, shangazi, mabinti, jioni baada ya kazi zote za nyumba. Basi kelele zikahamia kwa wanawake. Kwenye miaka ya 1760 James Hargreaves, mfumaji wa karibu na Blackburn, akatengeneza mashine ambayo mtu mmoja anazungusha gurudumu moja na nyuzi 8 zinasokotwa kwa pamoja. Nane! Majirani zake walielewa haraka sana maana yake, mmoja anafanya kazi ya wanane maana yake saba hawana kazi, 1768 wakaingia wakazivunja mashine zake, akahamia Nottingham.

Wakati huo huko huko Lancashire kulikuwa na kinyozi. Ndio, kinyozi, Richard Arkwright, alikuwa anazunguka vijijini ananunua nywele za watu anatengenezea mawigi. Huyu hakuwa fundi, alimpata fundi saa wa kumsaidia, naye pia aliitwa John Kay lakini si yule wa kwanza, msije mkachanganya kwenye mtihani. 1769 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mashine ya kusokota uzi mgumu, nzito kiasi kwamba mkono hauisukumi, inataka nguvu ya maji. 1771 akajenga kiwanda Cromford kando ya mto, mashine zikasukumwa na maji mchana na usiku. Kinyozi akapewa cheo cha Sir na mfalme mwaka 1786. Kwa maoni yangu uvumbuzi wake mkubwa haukuwa mashine, ulikuwa kengele. Kabla yake mtu alisokota nyumbani kwake, akichoka anainuka anakoroga uji, akifiwa anaenda msibani. Cromford kengele ikilia umeingia, na hutoki mpaka ilie tena.

Na nani aliingia? Wengi wa wafanyakazi walikuwa watoto. Vidole vidogo, mshahara mdogo.

Hapa naomba nisimame kidogo maana hili linanigusa. Kulikuwa na mtoto anaitwa Robert Blincoe, yatima, alikuwa analelewa kwenye nyumba ya maskini London. 1799 akiwa na miaka 7 hivi, yeye na wenzake wakapakiwa kwenye magari ya farasi wakapelekwa kiwandani karibu na Nottingham. Waliwadanganya watoto kwamba huko wataenda kula nyama ya kuoka na puding, watapanda farasi wa tajiri, watapewa saa za fedha mfukoni, na watoto wakashangilia. Wanangu, hii si mnaijua? Mtoto wa kijijini anaambiwa twende mjini kwa shangazi utasoma, anafika anapewa ufagio. Blincoe alifika akapewa kazi ya kuokota pamba iliyodondoka chini ya mashine huku mashine inatembea, baadaye kuunga nyuzi zinazokatika, na mashine ikamkata kipande cha kidole cha shahada. Alikuja kukua, akatoka, akajitegemea, na 1833 tume ya serikali ilipomuuliza kama angepeleka watoto wake mwenyewe kiwandani alijibu kwamba bora wahukumiwe kusafirishwa ng'ambo kama wahalifu.

Mwaka huo huo wa 1833 ikapita sheria, mtoto chini ya miaka 9 asiajiriwe kwenye viwanda vingi vya nguo, wa 9 mpaka 13 asizidishe saa 9 kwa siku wala saa 48 kwa wiki, na safari hii wakawekwa wakaguzi, maana sheria za kabla yake zilikuwa za ukutani tu. Wanawake na vijana wakasubiri mpaka 1847 kupata siku ya saa 10.

Turudi kwenye kukimbizana. 1779 Samuel Crompton wa Bolton akachanganya mashine ya Hargreaves na ya Arkwright, ikatoka mashine inayosokota uzi mwembamba kama utando wa buibui na mgumu juu yake. Kwa vile ilikuwa mchanganyiko wakaiita nyumbu, kama yule mtoto wa punda na farasi. Yeye hakuwa na hela ya hataza, akawaonyesha watu kwa ahadi kwamba watamchangia, akaambulia vijisenti, bunge likaja kumpa pauni 5,000 mwaka 1812 wakati matajiri walishajenga miji mizima juu ya nyumbu wake. Alafu injini ya mvuke ya James Watt, aliyopatia hataza 1769, ikaunganishwa na magurudumu, na hapo kiwanda hakihitaji mto tena, kinahitaji makaa ya mawe tu, kwa hiyo viwanda vikashuka mjini, Manchester ikawa msitu wa mabomba ya moshi. Uzi ukawa mwingi mpaka wafumaji ndo wakaonekana wazembe! Gurudumu limezunguka limerudi pale pale. Mchungaji mmoja, Edmund Cartwright, ambaye hakuwahi kufuma hata leso, 1785 akabuni mashine ya kufuma kwa nguvu ya injini, mwanzoni ilikuwa mbovu, wengine wakaiboresha miaka na miaka, na wafumaji wa mkono ambao walikuwa watu wa heshima wenye hela yao wakaporomoka mpaka kwenye njaa.

Mnajua mafundi walivyofanya. 1811 pale Nottinghamshire mafundi wa soksi wakaanza kuvunja mashine usiku, nyuso wamezipaka masizi, wanasema wanatumwa na Jenerali Ludd ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Serikali ikatunga sheria 1812, kuvunja mashine ni kunyongwa. Januari 1813 mjini York wakanyongwa watu 17. Watu wanawacheka wale kwamba walikuwa wajinga wanaogopa maendeleo, mimi siwacheki. Fundi aliyeitumia mashine maisha yake yote haogopi chuma, wale walijua wazi ni mashine ipi inashusha bei ya kazi yao, na mara nyingi waliziacha za tajiri aliyelipa vizuri wakavunja za yule mwingine.

Haya, niwaambie na mimi. Baadhi yenu mnajua nilifanya kazi kiwanda cha nguo, upande wa ufumaji, miaka 11. Jina la kiwanda tuliache. Siku ya kwanza nilipofungua ule mlango nilidhani paa linaanguka. Mashine mia na kitu, kila moja mtumbwi unaruka twaa twaa twaa, si sauti tena, ni kitu kinakusukuma kifuani. Vya kuziba masikio tuliahidiwa vitakuja na shehena, shehena zikaja nyingi, tukawa tunaziba kwa pamba yenyewe. Ndo maana nikiwa upande wa kushoto wako nakuambia ongea kwa sauti, usidhani nina dharau.

Sasa tulikuwa tunaongeaje? Kwa midomo. Unatamka taratibu bila sauti, mdomo unaufungua sana, mwenzako mashine ya nne kule anasoma. Tumesengenyana hivo miaka 11! Juzijuzi nasoma habari za wanawake wa Lancashire, kumbe na wao walikuwa na lugha hiyo hiyo, midomo mikubwa na uso wote unacheza, na hata wakiwa nje barabarani kwenye utulivu walikuwa wanajikuta wanaongea hivo. Nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuniangalia.

Na kuna kitu kingine walifanya. Uzi ukiisha kwenye mtumbwi unaweka kibobini kipya, na ule uzi lazima upite kwenye kitundu pembeni. Njia ya haraka ni kuweka mdomo kwenye kitundu na kufyonza, fyuu, uzi umetoka. Waliita kubusu mtumbwi. Mtumbwi mmoja unabusiwa na huyu, kesho na yule, na vumbi la pamba linaingia humo humo mpaka kifuani, na magonjwa yanapita kutoka mdomo hadi mdomo. Vumbi lile linaleta ugonjwa wake kabisa wa mapafu, kifua kinabana hasa Jumatatu ukirudi baada ya mapumziko. Sisi Jumatatu tulikuwa tunasingizia pombe za Jumapili, hata wasiokunywa.

Madirisha nayo kule yalifungwa makusudi, uzi wa pamba ukikauka unakatika, kwa hiyo ndani lazima kuwe na joto na unyevu kama bafuni. Na kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa ghali kwa maskini, kulikuwa na mtu kazi yake ni kuamsha watu, anapita alfajiri na mti mrefu anagonga madirisha ya ghorofani, mnamlipa kwa wiki. Huyo mtu alinifurahisha sana, sijui yeye aliamshwa na nani.

Sasa kaeni vizuri, maana sijamaliza kufuata kelele. Viwanda vina mvuke, vina nyumbu, vinafuma usiku na mchana. Nani sasa amebaki nyuma? Mchumaji! Pamba Uingereza haioti. Kule Marekani kusini inaota lakini ile ya nyuzi fupi mbegu zake zimeng'ang'ania kama kupe, si unaona binti yetu hapa anavyohangaika? Mtu mmoja kwa vidole alisafisha kama ratili 1, karibu nusu kilo, kwa siku. 1793 Eli Whitney akatengeneza mashine ndogo ya kuchambua, mtu mmoja ratili 50 kwa siku. Hiyo ndo babu ya jineri zetu za huku. Wengine walitegemea kwamba sasa watumwa watapumzika maana kazi ngumu ya vidole imepata mashine. Eeh! Mashine ya kuchambua inataka pamba ya kuchambua, na kuchuma bado ni mkono, basi mashamba yakapanuliwa mpaka Mississippi na Texas, na watumwa waliohesabiwa Marekani walikuwa karibu laki 7 mwaka 1790, mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Waliochuma kwa mkono. Nyie watoto wa Magu na Kwimba mnajua kitumba kikikauka kinavyochoma kwenye kucha. Fikiria unachuma hivo huku nyuma yako kuna mtu na mjeledi, na jioni kikapu kinapimwa.

Kwa hiyo ukiuliza injini ya mvuke ilisukumwa na nini, usijibu makaa ya mawe tu.

Alafu kitambaa kikaja kwetu. Wamarekani nao walijenga viwanda vyao. Uingereza ilikataza mafundi kuhama na siri za mashine, lakini Samuel Slater aliondoka 1789 na michoro yote iko kichwani, na Francis Cabot Lowell akatembelea viwanda vya Uingereza kama mgeni muungwana, anatabasamu, anakariri. Mji wa Lowell kule Massachusetts umebeba jina lake. Waliajiri mabinti wa wakulima, wakawaweka mabwenini, kengele alfajiri, kazi saa 12 na zaidi kwa siku, na mabinti hao wakagoma 1834 walipopunguziwa mshahara, wakagoma tena 1836 walipopandishiwa gharama za bweni. Mabinti wa umri wenu.

Viwanda vya upande huo ndo vilifuma kitambaa kizito cheupe kisicho na rangi, wafanyabiashara wa Salem, bandari ya huko huko Massachusetts, wakakipakia melini wakakileta Zanzibar. Seyyid Said aliwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833, na kitambaa kile wazee wetu wakakiita merikani. Mnalijua hilo neno, bibi zenu walilisema, mpaka leo ukienda dukani wengine wanasema nipe merikani ya mto. Merikani ilikuwa hela. Msafara unaondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, wapagazi wamebeba majora ya merikani, kila mahali unalipa kwa kitambaa, shuka, doti, na kipimo chake kilikuwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mnunuzi mjanja anatafuta mtu mwenye mikono mirefu aje kumpimia! Mikono 4 shuka, shuka 2 doti.

Na kilichorudi pwani ni pembe za ndovu. Nyingine zikaenda mpaka Connecticut kwenye mji mmoja uliokuja kuitwa kabisa Ivoryton, yaani mji wa pembe, zikakatwa kwa mashine vipande vyembamba vya kubandika kwenye piano. Hebu uangalieni huu uzi mmoja: mtumwa kachuma Mississippi, binti kafuma Massachusetts, Mnyamwezi kabeba begani mpaka Ujiji, na kilichobadilishwa nacho kinapigiwa muziki sebuleni kwa tajiri. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyemjua mwenzake.

1861 Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, bandari za kusini zikazibwa, pamba ikakauka. Lancashire ikalala njaa, viwanda vimefungwa, watu wanapanga foleni ya supu. Na merikani huku ikaadimika, vitambaa vya Uingereza na vya India vikachukua nafasi. Hapa kuna jambo ambalo nikilisoma huwa naweka kitabu chini: tarehe 31 Desemba 1862, wafanyakazi wa Manchester, wenye njaa hao, walikusanyika ukumbini wakamwandikia barua Rais Lincoln kumuunga mkono kwenye kukomesha utumwa, wakati kukomesha vita haraka kungewarudishia uji mezani. Si wote Lancashire waliona hivo, wengine walitaka pamba tu na yaishe. Lakini wale waliandika, na Lincoln aliwajibu Januari 1863, na meli inaitwa George Griswold ikawaletea unga.

Funzo ambalo wakubwa walilipata ni tofauti kabisa. Walisema kumbe kutegemea Marekani peke yake ni hatari, tutafute pamba kwingine. Wajerumani walipokuwa huku wakawalazimisha watu wa kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, umeacha mtama wako unaenda kupalilia pamba ya bwana shauri kwa malipo ambayo hata kuyaita malipo ni aibu. Julai 1905 Wamatumbi pale Nandete wakang'oa miche ya pamba, vita vya Maji Maji vikaanza hivo. Shuleni tunaanzia na Kinjeketile na maji, mimi naanzia na mche wa pamba uliong'olewa. Kelele za kule Bury za 1733, "ongeza mwendo", ziliwafikia watu Kilwa.

Sasa nimebaki na nyie, kushona. Mliona nimewaruka. Wavumbuzi nao waliwaruka! Mpaka miaka ya 1830 mtu anasokota na kufuma kwa mvuke lakini shati bado sindano na kidole. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa na cherehani 80 za mbao pale Paris zinashona sare za jeshi, Januari 1831 mafundi wakaingia wakazivunja, si mnaona wimbo ni ule ule. Shida kubwa ilikuwa sindano. Wengi walikuwa wanajaribu kuiga mkono wa fundi, tundu liko nyuma, sindano inapita yote upande wa pili inarudi. Elias Howe, aliyepata hataza Marekani 1846, alitumia sindano yenye tundu karibu na ncha, ikizama inabeba kitanzi cha uzi, na huku chini kuna uzi wa pili unapita ndani ya kitanzi. Ndo hicho hicho mnachofanya nyie, uzi wa juu na bobini. Kumbe kilichopita chini kwenye cherehani za mwanzo nacho ni mtumbwi mdogo, mtoto wa ule wa wafumaji. Isaac Singer akaja 1851 na mashine imara zaidi, na kampuni yake ikaja na ujanja mwingine, unachukua cherehani leo unalipa kidogokidogo kila mwezi. Mkopo wa cherehani hamkuanza nyie.

Majaribio ya wauzaji wenyewe yalionyesha shati la mwanaume kwa mkono ni zaidi ya saa 14, kwa cherehani saa 1 na robo hivi. Basi mama aliyeshona shati moja kwa siku sasa anashona mengi, atapumzika lini? Hakupumzika. Bei ya kushona shati ikashuka, na deni la cherehani liko pale pale. Machi 25, 1911 New York kiwanda cha blauzi kiliungua, ghorofa za juu, mlango mmoja umefungwa kwa ufunguo wasichana wasitoroke na vitambaa, wakafa watu 146 wengi wao mabinti. Na Dhaka 2013, jengo la viwanda vya nguo likaanguka likaua zaidi ya 1,100, kuta zilionyesha nyufa siku moja kabla na wakaambiwa waingie kazini. Nyufa waliziona kwa macho. Nikiongea hii huwa sipendi kuendelea sana.

Ninachowaomba mkae nacho ni kitu kidogo tu cha kiufundi. Angalieni cherehani yenu jioni. Mota inazungusha, sindano inapiga, bobini inazunguka, meno ya chini yanavuta kitambaa, lakini kinaelekezwa na nani? Vidole vyako. Kona ya kola nani anaigeuza? Miaka karibu 300 ya mashine na kitambaa laini bado kinawashinda wahandisi maana kinakunjamana, kinateleza, hakishikiki kama bati. Kwa hiyo ule mkono wa mwisho uliobaki kwenye mnyororo ndo huo wenu, na mkono wa mwisho ndo unaopigiwa kelele. Fundi akikuletea oda ya sare 60 za shule Ijumaa saa 10 jioni anazitaka Jumatatu, ujue umesimama kwenye foleni ya nani. Jifunzeni kuhesabu saa zenu kabla hamjataja bei. Wekeni taa ya kutosha, na mlango wa pili usiwekewe marobota ya vitambaa, nimepita kwenye karakana zenu nimeona.

Haya, binti yetu wa kilemba. Tuonyeshe. Simama wakuone.

(Alikuwa amepata uzi wa kama mkono mmoja na nusu, kwa kipimo cha merikani. Umekatika mara nne, kauunga, una mabonge kama nyoka aliyemeza mayai. Mbegu ameweka kwenye sahani, nikazihesabu 31.)

Nusu saa, mikono 1 na nusu. Hargreaves alipata nyuzi 8 kwa mpigo. Makofi kwake jamani, vidole vinamuuma.

MC, wewe kifungo chako cha pili kimelegea toka asubuhi na nimekiangalia kwa muda mrefu sana. Njoo hapa. Nani ana sindano ya mkono? (Zikatoka sindano kumi, mahafali ya mafundi.) Mpe binti akushonee na uzi wake.

Kifungo kilishika. Mgeni rasmi akaingia pale pale tunapiga makofi, akadhani tunampigia yeye, akapunga mkono.